Bwana Pungufu na Taa Nyekundu

Siku ya kwanza ya kupiga filamu, Bwana Pungufu alifika saa kumi na mbili kamili asubuhi, wakati filamu yenyewe ilikuwa bado imelala. Alisimama mbele ya mlango wa chuma uliofungwa, penye ngazi za kupandia ghorofani, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe. Mfukoni alikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na kwapani daftari jipya. Chini ya ghorofa ile palikuwa na karakana ya matairi. Fundi matairi, aliyekuwa akifagia, akamuuliza anamtafuta nani.

"Simtafuti mtu. Nimekuja kazini," alijibu Bwana Pungufu, na neno hilo la mwisho alilitamka polepole ili alisikie vizuri mwenyewe.

Jina la Pungufu alibandikwa na wenzake. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza ghala la idara ya ujenzi: sururu, toroli, misumari ya kila saizi, ndoo za rangi. Kila ukaguzi, mbele ya kitu kisichotimia, aliandika neno moja tu kwa wino mwekundu. Sururu moja, pungufu. Mpini wa nyundo, pungufu. Wakubwa walimwogopa, wadogo walimkwepa, na siku alipostaafu walimpigia makofi marefu mno, makofi ya watu wanaotaka kuhakikisha kwamba mtu kweli anaondoka. Yeye akadhani wamempenda.

Nyumbani akahamishia ghala jikoni. Alichora mstari kwenye kipande cha sabuni aone kinaliwa kwa kasi gani. Alibandika orodha ya vyombo ndani ya mlango wa kabati. Kila vyombo vikishaoshwa alivuta droo na kuhesabu vijiko, kumi na viwili, na siku vilipokuwa kumi na kimoja mkewe hakunywa chai kwa raha mpaka kijiko kilipopatikana nyuma ya sinki.

"Mume wangu, hapa si ghala," mkewe alimwambia siku hiyo.

"Ndiyo maana vitu vinapotea," akajibu, akaondoka akiwa amevimba kwa ushindi.

Tuseme ukweli, mtu huyu hakuwa mbaya. Alikuwa anaumia kwa kutohitajika, na maumivu yenyewe aliyatibu kwa kuwaumiza wengine. Alipoamka asubuhi hakukuwa na mtu hata mmoja duniani ambaye angekwama bila yeye, na jambo hilo lilimkaa kooni kuanzia chai mpaka taarifa ya habari.

Ndipo mwezi wa nne wa kustaafu, mtoto wa dada yake mkewe akaja kumwona. Huyu alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na kwa miaka mitatu alikuwa akiihubiri filamu yake mpaka ndugu walikuwa wakimwona mbali wanavuka barabara. Filamu huru, alivyoiita mwenyewe, yaani filamu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekubali kuiwekea hata senti. Iliitwa *Sufuria Inayowaza*. Alikaa kwenye kochi, akashika glasi ya maji kwa mikono miwili, akasema kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao siku nyingine.

"Bamdogo, nahitaji mtu wa mwendelezo. Unajua, picha tunapiga vipande vipande. Kikombe kikiwa kulia sasa hivi, kipande kinachofuata lazima kiwe kulia. Kifungo kikiwa wazi, kibaki wazi. Anatakiwa mtu wa kukumbuka kila kitu kilikuwa wapi. Bila wewe filamu haisimami."

Bila wewe filamu haisimami. Bwana Pungufu aliichukua sentensi ile akaenda nayo bafuni, akaenda nayo kitandani, akaamka nayo. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni wakati inasemwa, akiangalia dari kana kwamba kuna mjusi.

Basi filamu ikafika saa mbili na dakika ishirini, ikipiga miayo. Mwongozaji, ndiye huyo mtoto wa shemeji, alikuwa amejifunga skafu shingoni ingawa joto lilikuwa tayari linachemsha mabati. Mpiga picha waliyemwita Jicho alibeba kamera aliyoinunua mitumba, yenye kioo cha nyuma kilichoungua pembe moja, kule ambako kamera huandika kama inarekodi au la. Alitembea nayo kifuani mithili ya mzazi aliyetoka wodini. Nyuma yao akaja dada wa sauti na kinasa sauti kilichofungwa kwenye mpini wa fagio, waya wake ukienda moja kwa moja kwenye kamera. Mwisho waigizaji: mke ndani ya filamu alikuwa muuza miwani, na mume alikuwa mwalimu wa udereva ambaye hata akiketi mezani mguu wake wa kulia ulitafuta breki.

Chumba kilikuwa kimegeuzwa sebule. Meza, viti viwili, chupa ya chai, vikombe viwili, bakuli la sukari lisilo na sukari. Kisa chenyewe cha siku hiyo kilikuwa hiki: mke anammiminia mume chai, mume anafunua bakuli, anasema, "Sukari imekwisha," na mke anadondosha chozi moja. Mwongozaji alieleza kwa muda wa dakika arobaini kwamba sukari si sukari na chozi si chozi. Mwalimu wa udereva aliuliza kama chai nayo ni chai, kwa maana alikuwa hajanywa kitu.

Kisha Jicho akapanda kwenye kiti akawatangazia sheria. "Mnaiona hii taa nyekundu hapa mbele ya kamera? Ikiwaka, tunarekodi. Ikiwaka, hakuna kukohoa, hakuna kujikuna, hakuna kupumua kwa nguvu. Ikizimika, mko huru. Tumeelewana?" Akabonyeza kitufe kuijaribu, taa ikawaka, wote wakatikisa kichwa. Akashuka kwenye kiti, akaanza kubishana na mwongozaji kuhusu dirisha, na kitufe akakisahau.

Bwana Pungufu alipewa kopo la rangi alikalie, upande wa waigizaji, nyuma kidogo ya kabati ili asionekane. Kutoka pale alikuwa uso kwa uso na kamera. Akafungua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika saa.

"Anza!" akapaza sauti mwongozaji. Jicho akabonyeza.

Mke akamimina. Mume akafunua bakuli. "Sukari imekwisha."

"Samahani," akasema Bwana Pungufu. "Kwenye mazoezi mkono wa kikombe ulielekea dirishani. Sasa unaelekea mlangoni."

Mwongozaji akafumba macho. "Bamdogo. Chozi lilikuwa linakuja."

"Lingekuja kwenye kikombe kilichogeuka."

Wakarudia. Safari hii mke alimimina kwa uchungu mwingi, mume akafunua bakuli, na kabla hajaitaja sukari, sauti ikatoka nyuma ya kabati: "Kifungo cha pili. Kilikuwa kimefungwa."

Mwongozaji alimvuta mpaka kwenye ngazi. Huko walikokuwa, wote ndani walisikia kila neno. "Bamdogo, nakuheshimu. Lakini usifungue mdomo mpaka uulizwe. Andika tu. Kila kitu andika, nitasoma jioni. Ukiongea tena katikati ya picha, nitakuomba urudi nyumbani."

Nyumbani. Bwana Pungufu aliiona droo ya vijiko, akaona uso wa mkewe akifungua mlango saa nne asubuhi na kumkuta yeye na daftari lake. Miaka thelathini na mmoja hajawahi kurudishwa. Akasema, "Nimeelewa," akarudi kwenye kopo lake, akajikausha.

Na ilikuwa hapo, mara ya tatu, mdomo umefungwa na macho hayana kazi nyingine, alipoiona taa. Mwongozaji aliposema "Anza!" na Jicho akabonyeza, taa ilizimika. Aliposema "Basi!" na Jicho akabonyeza, taa ikawaka. Ikaendelea kuwaka wakati muuza miwani anapangusa pua na mwalimu wa udereva analalamikia kiti. Bwana Pungufu akainua mkono kama mwanafunzi. Dada wa sauti akamwashiria aushushe, unatia kivuli ukutani.

Akaandika kwa wino mwekundu: *Mara ya tatu. Wakati wa kuigiza, taa haikuwaka. Wakati wa kupumzika, taa iliwaka.*

Mara ya nne, vilevile. Mara ya tano mashine ya kujaza upepo kule chini ikanguruma, wakasimama, na kamera ikarekodi kwa makini dakika kumi za watu waliokaa kimya wakisubiri mashine inyamaze. Mara ya sita chozi likatoka. Chozi la kweli, moja, zito, likashuka mpaka kidevuni. Mwongozaji alipiga magoti. Jicho alimkumbatia dada wa sauti pamoja na fagio lake. Bwana Pungufu akaandika: *Mara ya sita. Chozi, moja. Taa, pungufu.*

Msimtetee haraka. Ni kweli alijaribu. Walipopumzika saa tano alimpelekea mwongozaji daftari likiwa wazi, kidole kwenye mstari. "Jioni, Bamdogo, nimekwambia jioni," mwongozaji alisema bila kuangalia. Lakini baada ya hapo mzee hakujaribu tena, na kuanzia mara ya nane akaanza kuona raha. Walikuwa wamemfunga mdomo. Sawa, na ufungwe. Kila taa ilipokosa kuwaka alisikia kitu kitamu kifuani, utamu uleule aliousikia zamani akiikuta sururu haipo na mkuu wa karakana amesimama pembeni anatoka jasho. Angewaonyesha jioni. Wangejua wenyewe bila yeye filamu inasimama au haisimami.

Saa saba walikula mkate na soda kwenye meza ileile ya kuigizia. Mashine ya upepo ikanguruma tena, na mwongozaji akamtuma Bwana Pungufu ashuke akaongee na fundi matairi. "Wewe mtu mzima, Bamdogo, wewe atakusikiliza." Akashuka kwa furaha, akaongea na fundi kwa robo saa, akamhesabia na matairi yake, akarudi na ahadi ya ukimya mpaka saa kumi. Alipoingia wote walikuwa wanatafuna kwa bidii na hakuna aliyemtazama usoni. Aliandika: *Saa saba hadi saa saba na robo. Sikuwepo.* Akaacha mistari mitano mitupu. Mistari ile ilimkera mchana kutwa.

Saa kumi na moja mwongozaji alitangaza kwamba wameweka historia. Wakaizunguka laptopu iliyowekwa mezani, wote sita, Bwana Pungufu nyuma kabisa na daftari lake. Jicho akafungua kipande cha kwanza.

Yalikuwa mabishano kuhusu dirisha, na mwisho sauti ya mwongozaji ikasema "Anza!" na picha ikakatika.

"Hiyo ilikuwa majaribio," alisema Jicho.

Kipande cha pili: muuza miwani anajikuna kwapa. Cha tatu: mguu wa kulia wa mwalimu wa udereva unakanyaga breki. Cha sita: watu wanaosubiri, wanasubiri, wanasubiri. Kila kipande kilianza kwa "Basi!" na kuisha kwa "Anza!" Kufikia cha saba, ambapo mwongozaji alikuwa amepiga magoti anafuta machozi yake kwa skafu na chozi la mwigizaji halipo popote, Jicho alikuwa amekaa chini sakafuni.

"Chozi liko wapi?" aliuliza mwongozaji kwa sauti ndogo. "Jicho. Chozi langu liko wapi?"

"Naomba kuulizwa," akasema Bwana Pungufu.

Wote wakageuka.

"Niliambiwa nisifungue mdomo mpaka niulizwe. Naomba kuulizwa."

"Uliona?" aliuliza mwongozaji.

Hapo mzee akapata dakika zake. Alivaa miwani, akasafisha koo, akasoma mstari kwa mstari, saa kwa saa, mara ya tatu mpaka ya kumi na nne, taa haikuwaka, taa iliwaka. Alisoma kwa sauti ya ukaguzi. Alipofika kwenye "Taa, pungufu" muuza miwani alicheka kwa hasira na mwalimu wa udereva akasema neno lisiloandikika.

"Na ulikaa kimya?" mwongozaji alifoka. "Siku nzima?"

"Saa tano nilikuletea daftari. Hukusoma. Nimeandika na hilo."

Hilo la mwisho ndilo lililomnogea. Alijiona ameongezeka kimo. Akasogea mbele, akaweka kidole kwenye laptopu mwenyewe. "Sasa tuendelee kwa mpangilio. Kuna kipande cha saa saba. Mimi nilikuwa chini kwa fundi matairi. Fungua hicho, nijaze daftari."

Mwongozaji alibadilika rangi. "Hicho turuke, Bamdogo."

"Hakirukwi."

"Ni watu tu wanakula. Hakina maana."

"Daftari lina pengo," alisema Bwana Pungufu. "Mistari mitano. Mimi siachi pengo."

Jicho alinyoosha mkono kufunga laptopu, mzee akauondoa na kubonyeza yeye.

Kilikuwa kipande kizuri kuliko vyote. Mwanga wa mchana ulikuwa umeingia sawasawa, meza ilikuwa katikati, na kwa kuwa mashine ya chini ilikuwa imezimwa kwa juhudi zake mwenyewe, kila neno lilisikika. Kwenye kioo, Jicho alitafuna na kuuliza, "Huyu mzee anaandika nini muda wote?"

"Mwache aandike," alijibu mwongozaji wa kwenye kioo, mdomo umejaa mkate. "Daftari ni la kumshughulisha tu. Mamdogo ndiye aliyenipigia simu. Alilia, wallahi, alilia. Amesema anahesabu vijiko, atamtia wazimu. Nimchukue hata wiki mbili tu apumue. Sasa nifanyeje? Hiyo kazi ya mwendelezo nimeitunga palepale kwenye kochi."

Wa kwenye kioo wakacheka, wote, hata dada wa sauti. "Bila wewe filamu haisimami," Jicho aliiga, na wakacheka tena. Kisha mlango ukasikika, na wakaanza kutafuna kwa bidii.

Sebuleni hakuna aliyecheka. Mwongozaji alifungua skafu yake, akaifunga, akaifungua.

Bwana Pungufu alisimama akiangalia kioo kilichokwisha kuwa cheusi. Iliuma. Iliuma kuliko makofi ya kustaafu, ambayo sasa ghafla aliyaelewa nayo. Alitamani kumtupia mtu kopo la rangi. Badala yake aliinama mezani, akaitafuta ile mistari mitano, akaandika kwa mwandiko uleule ulionyooka: *Saa saba. Taa iliwaka. Picha safi. Sauti safi.* Akafunga daftari.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza.

"Unarudi?" Mwongozaji hakuamini.

"Ile taa nani ataiangalia? Wewe?"

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi, akampita fundi matairi aliyemuuliza kazi imekwendaje, akamwambia imekwenda.

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu, kitu ambacho hakikutokea tangu astaafu. Mkewe alitoka sebuleni akiwa na alama ya mto shavuni. Alikuwa amelala mchana, na uso wake ulionekana umepungua miaka kumi. Alipomwona mumewe alipunguza redio haraka.

"Karibu, mume wangu. Vipi kazi?"

"Nzuri. Wameniambia bila mimi haisimami."

"Si nilikwambia!" Alifurahi mno, akafurahi mpaka ikazidi. "Na itachukua muda gani? Mwezi? Yule mtoto alisema labda mwezi."

Bwana Pungufu alivua viatu, akavipanga kimoja kando ya kingine ukutani.

"Wiki mbili tu," alisema. "Kama ulivyoomba."

Mkewe alizima redio. Akasema anakwenda kumletea chai. Jikoni hakuwasha jiko; kwa kuwa hakujua atarudi sebuleni na uso gani, alivuta droo akaanza kuhesabu vijiko.